Uzito Baada ya Kuoga

Mizani ilikuwa nzima. Naanza na hilo kwa sababu kwa siku mbili niliishuku, nikaifungua, nikaipuliza vumbi na kuifunga tena, huku mwizi akila sahani moja na mimi. Mimi ni fundi mizani. Kwa miaka tisa kazi yangu ni kurekebisha mizani za mabucha, maduka na maghala, na kitu cha kwanza tunachofundishwa karakanani ni kwamba namba ikija ya ajabu, shuku chombo kwanza, mzigo baadaye. Ni ushauri mzuri sana kwa gunia la sukari.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa Alhamisi akiwa na gramu elfu tatu mia moja na hamsini. Nilimbandika jina la Bwana Mkubwa, maana hata kunyonya alinyonya kama mtu anayenifanyia hisani. Anakamata ziwa vizuri, anavuta mara tano, sita, halafu kope zinashuka, taya linalegea, kalala. Nilimtekenya nyayo. Nilimpangusa uso kwa kitambaa chenye maji. Nilimvua nguo akabaki na nepi, nikaliminya ziwa likiwa mdomoni mwake ili maziwa yamchuruzikie. Anavuta mara mbili nyingine, kwa adabu tu, kisha anarudi alikotoka.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alifika kesho yake baada ya sisi kutoka hospitali. Watu wote wanamwita Matroni, kwa sababu amekuwa msimamizi wa bweni la shule kwa miaka ishirini na mbili, na hata akiwa likizo hutembea na funguo shingoni. Ndiye aliyemlea mume wangu, mama yao akiwa sokoni tangu asubuhi hadi jioni. Kwa hiyo kwetu neno lake halijibiwi. Aliweka begi, akanawa mikono, akatangaza kwamba mtoto ataoga mara mbili kwa siku na atakayemwogesha ni yeye, kwa vile mimi bado nina nyuzi. Nilimshukuru. Hilo linaniuma mpaka leo, kwamba nilimshukuru kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Huyu mtoto mbona kwako analia na kwangu analala?" aliniuliza siku chache baadaye, mbele ya jirani wa mlango wa pili aliyekuja kutupa hongera. Alikuwa ametoka kumwogesha, kamfunga taulo mpaka kidevuni, naye mtoto yuko usingizi wa pono.

"Labda kashiba," jirani alisema.

"Kashiba nini? Hebu." Akanyoosha mkono akaniminya ziwa juu ya nguo, hivi hivi, kama anachagua nyanya. "Unaona? Umbo lipo, kazi hakuna. Si kosa lako, wifi, wengine ndivyo walivyoumbwa."

Jirani alicheka kwa aibu. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Walipokwenda jikoni nilijifungia bafuni, nikafungua bomba nisisikike, nikalia. Halafu nikalia tena kwa hasira ya kujiona nimelia.

Kuanzia hapo nikaushuku mwili wangu. Siku za mwanzo blauzi ilikuwa inaloa mpaka naona haya. Wiki ya pili ikawa kavu kuanzia asubuhi hadi jioni. Nilijikamua nusu saa nzima nikapata vijiko vitatu, nikavitazama chini ya kikombe nikihisi nimefichuliwa. Mume wangu, ambaye ni seremala na kila kitu kwake kina dawa ya msumari au gundi, aliniambia nile vizuri na nisiwe na wasiwasi. Nilikula. Wasiwasi nikabaki nao.

Jumanne ya wiki ya pili tulikwenda kliniki, mimi na Matroni. Nesi wa pale ni mwanamke mwembamba asiyepoteza maneno. Alimpima mtoto, akaandika, akanigeuzia kadi nione.

"Wiki iliyopita elfu mbili mia tisa. Leo elfu mbili mia tisa na tano. Gramu tano, mama. Anapata kitu kingine zaidi ya ziwa?"

"Hapana."

"Maji? Dawa ya tumbo? Chochote?"

"Hakuna," nilijibu, na huo ndio ukweli niliokuwa nao.

Matroni alikuwa benchi lile lile, bega kwa bega na mimi, kampakata mtoto. Aliyasikia yote mawili, swali na jibu. Akamtengeneza mtoto kofia.

"Basi mnyonyeshe kila baada ya saa mbili, hata kama hataki mwamshe," nesi alisema. "Jumatatu nataka kumwona amefika elfu tatu. Asipofika tutamlaza wodini, tumpe maziwa kwa kikombe na tumpime damu, tujue kuna nini."

Gramu tisini na tano kwa siku sita. Njia nzima kurudi nyumbani Matroni alikuwa ananipa pole kwa sauti ambayo kila aliyepita aliisikia.

Mimi nikikosa la kufanya, napima. Nilimpigia bosi wangu, akanitumia mizani iliyotoka kwenye duka la dawa, ndogo, inayosoma gramu mbili mbili, ambayo mwenzangu alikuwa amemaliza kuirekebisha. Niliiweka juu ya meza ya chumbani. Mpango ulikuwa rahisi: nimpime mtoto kabla ya kunyonya, nimpime baada ya kunyonya, tofauti ndiyo maziwa yangu. Nijue moja. Nikachora safu kwenye daftari.

Jumatano asubuhi nilimvua nguo, nikampima, nikamkabidhi kwa shangazi yake akaoge: elfu mbili mia tisa na nane. Matroni akafunga mlango wa bafu, eti upepo usimpige. Robo saa baadaye kamrudisha, kalala. Nilimfungua taulo nimpime kabla ya kumnyonyesha: elfu mbili mia tisa sitini na nne.

Niliitazama ile namba kwa muda. Nikamfuta nywele, labda ni maji. Sitini na mbili. Labda mafuta aliyopakwa. Jioni niliipima chupa ya mafuta kabla na baada: gramu nne. Mtoto jioni hiyo alikuwa ameongezeka sitini. Alhamisi asubuhi hivyo hivyo, na kila akitoka kuoga namweka kwenye ziwa ananyonya mara mbili, analala, mizani haisogei hata gramu moja. Halafu nepi inajaa, na ule uzito wa ajabu unaondoka nayo.

Mtu yeyote mwenye akili zake angeshaelewa. Mimi, fundi, nikatoa bisibisi.

Mume wangu alinikuta kitandani na matumbo ya mizani yametandazwa kwenye shuka, mtoto kalala katikati ya skrubu.

"Mama, unatengeneza kipi kati ya hivi viwili?" aliuliza.

"Wewe ukioga unaongezeka uzito?"

"Nikitumia sabuni nyingi."

"Nakuuliza kwa kweli."

"Na mimi nakujibu kwa kweli. Lala kidogo, umechoka."

Ijumaa asubuhi, mtoto alipokuwa bafuni na Matroni, nilitoa sanduku langu la mawe ya mizani. Yale mawe nayaamini kuliko ninavyokiamini cheti changu cha kuzaliwa. Kilo mbili, sawasawa. Kilo mbili na nusu, sawasawa. Nikalihamisha jiwe pembe zote nne za sahani, halikudanganya hata gramu. Mlango wa bafu ukafunguliwa, nikaletewa mtoto, nikampima: gramu hamsini na nane za nyongeza. Nikakaa kitandani. Chombo kizima. Basi ni mzigo. Na mzigo wa namna ile una njia moja tu ya kuingizia kitu, nayo iko chini ya pua.

Matroni alitoka kwenda kuanika nguo. Niliingia bafuni. Ndani ya kikapu cha vitu vya mtoto, chini kabisa ya vitambaa vilivyokunjwa kwa nidhamu ya bweni, kulikuwa na soksi nene ya mtu mzima. Ndani ya soksi kulikuwa na chupa ndogo yenye chuchu, bado ina joto, na pakiti ya glukosi iliyoliwa nusu. Nililamba tone. Tamu.

Mara mbili kwa siku, tangu afike, alikuwa anamjaza mtoto wangu maji ya sukari. Maji hayo yanajaza tumbo, yanaleta usingizi, kisha yanakwenda zao. Mtoto akirudi kwangu hana nafasi ya kunyonya, na ziwa lisilonyonywa linaacha kutengeneza. Alinikausha yeye, halafu akaniminya mbele ya watu. Na kliniki alipoulizwa akatengeneza kofia.

Ningeweza kwenda pale pale kwenye kamba ya nguo nikammwagia chupa kichwani. Ningeweza kumwambia mume wangu jioni. Lakini nilimjua. Angesema dada ana nia njema. Angemwita pembeni, dada angelia kidogo, lingeitwa jambo la kutoelewana, na mimi ningebaki kuwa yule mke asiye na maziwa. Hapana. Mimi niliaibishwa mbele ya watu na nilitaka watu. Jumapili wakwe zangu walikuwa wanakuja kumwona mjukuu. Niliirudisha chupa ndani ya soksi na soksi mahali pake, hata kisigino kikaelekea upande ule ule.

Bahati ikanipendelea. Mchana ule Matroni aliaga kwenda kuangalia nyumba yake. Angerudi Jumapili asubuhi pamoja na wazazi wake.

"Usije ukamkausha kabisa kabla sijarudi," aliniambia mlangoni, kwa utani.

"Nitajitahidi, wifi," nikamjibu, na nikatabasamu vizuri kabisa.

Mtoto aliamka. Sijui nieleze vipi kwa mtu ambaye hajawahi kukaa wiki mbili akimbembeleza mtu ale. Ijumaa jioni alifungua macho mwenyewe, akageuza kichwa, akalikamata ziwa, akavuta mpaka nikasikia anameza, glu, glu, dakika kumi upande mmoja. Nikampima: gramu ishirini na mbili. Zangu. Baada ya saa mbili akataka tena. Jumamosi alinyonya mara kumi na moja, analia kabla sijamaliza kufunga vifungo, na kufika alasiri blauzi ilikuwa imeloa madoa mawili mapana, nikakaa nimeyaangalia nikicheka peke yangu.

"Kumbe anakula," mume wangu alisema, anapapasa mguu wa mtoto kwa kidole. "Dada akija atafurahi."

Mdomo ulinifunguka kumwambia. Nikaufunga. Nilikuwa na Jumamosi nzima ya kusema, na nyumba ilikuwa yetu watatu.

Jumapili asubuhi mtoto alikuwa na gramu elfu mbili mia tisa sabini na sita. Zilibaki ishirini na nne, na siku nzima mbele. Kwa jinsi alivyokuwa ananyonya angezipata kabla ya jioni. Hesabu hiyo niliifanya kwa kalamu, imo daftarini. Niliifanya, nikaisoma, kisha nikahamisha mizani kutoka chumbani nikaiweka sebuleni, katikati ya meza.

Walifika saa tatu. Baba mkwe wangu ni dereva mstaafu wa malori makubwa. Mama mkwe bado ana meza yake sokoni. Nilimwalika na jirani wa mlango wa pili, yule yule, nikamkalisha karibu ambapo ataona vizuri.

"Wifi yetu ametuletea maonyesho," Matroni alisema, akiitazama mizani.

"Nataka wazee waone mjukuu wao ana uzito gani," nilisema. "Baba, wewe mizani unazijua. Njoo unikague nisije nikasemwa."

Mzee alifurahi. Miaka thelathini barabarani alisimamishwa na kila mzani wa malori na hakuna aliyewahi kumwomba yeye akague. Alivaa miwani, akapanga mawe mwenyewe, la kilo mbili, la kilo moja, akarudia. "Mizani safi," akasema. Nikamvua mtoto, nikamweka. Mzee akasoma kwa sauti: elfu mbili mia tisa sabini na sita.

"Sasa shangazi yake amwogeshe," nilisema, "halafu mumpakate akiwa msafi."

Nikamnyanyua. Alikuwa macho, amebana ngumi, mdomo unatafuta bega langu. Alikuwa na njaa; zamu yake ya kunyonya ilikuwa imefika. Nilijiambia mara moja haina neno. Nilijiambia hivyo huku tayari mikono yangu imenyooka, na Matroni akampokea.

Mlango wa bafu ulifungwa. Nilikaa nikamsikiliza mama mkwe anaeleza bei za sokoni na sikuelewa hata neno. Mtoto alilia kidogo ndani, kisha akanyamaza.

Walitoka baada ya robo saa. Kalala, mdomo wazi, mkono unaning'inia. Kwa sababu kulikuwa na wageni alikuwa amempa chupa ya kushiba.

"Mnaona?" Matroni aliwaambia wote. "Kwangu hana neno."

"Mweke hapo, wifi. Baba, soma."

Mzee aliinama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Elfu tatu sitini na nne."

"Mume wangu kanenepa," mama mkwe alisema, na kupiga kofi la furaha.

"Ngoja kwanza." Mzee hakuwa anacheka. "Ameoga robo saa. Amepanda gramu themanini na nane." Aligeuka taratibu akamtazama binti yake. "Hili gari limepakia njiani."

Nilikwenda bafuni, nikaleta kikapu, nikatoa vitambaa kimoja kimoja, nikatoa soksi. Nikaikung'uta chupa juu ya kiganja cha mama mkwe. Akalamba.

"Sukari," alisema.

"Ni glukosi tu," Matroni alisema. "Mtoto ana kiu na mama yake hana kitu. Mlitaka nimwache?"

"Kliniki uliulizwa," nilisema. "Ulikaa pembeni yangu. Nesi aliuliza maji, nikajibu hakuna, nawe unasikia. Kesho wanamlaza mtoto wodini kwa ajili ya jibu lile."

"Nilikuwa namsaidia alale. Watoto wote nawalaza hivyo, hakuna aliyekufa."

"Mama yake hana kitu, eti. Jirani, njoo. Siku ile ulishuhudia nikiminywa, njoo uminye na wewe." Nilisimama mbele yake na blauzi yangu imeloa mpaka tumboni. Jirani akatazama viatu vyake. "Njoo, usiogope. Umbo lipo, kazi je?"

Nilisema yote. Nilisema na yale ya zamani, ya harusi, ya mapazia, ya vile alivyopanga upya kabati langu la vyombo. Sauti yangu ilikuwa tulivu, na kila neno lilifika. Mume wangu alikuwa amesimama kwenye kizingiti muda wote. Mwishowe akauliza, kwa sauti ya chini, "Dada, na mimi ulikuwa unaninywesha?"

Matroni alishika funguo zake shingoni, akazivua, akaziingiza kwenye begi kana kwamba zimekuwa nzito. Mama yake hakumtazama. Matroni akaanza kulia, kilio kibaya, cha mtu asiyekizoea.

Nilifurahi. Sitaki kujifanya mtu mwema hapa. Nilifurahi mpaka vidole vya miguu, na nilipoona ameinamisha kichwa nikatafuta la kuongeza, nikalipata, nikaongeza.

Mambo hayakwisha hapo, maana mambo ya namna hiyo hayaishi kwa mkupuo. Mama mkwe alitaka kujua ilianza lini. Mzee alitaka Matroni aombe radhi. Matroni akaomba kwa nusu mdomo, nikaikataa, ikabidi aombe tena. Walipoondoka, jirani akabaki, tukarudia yote tangu mwanzo, yeye akiwa ananisifu. Alipoondoka nikampigia mwenzangu wa karakanani nikamsimulia ile ya gari limepakia njiani. Alicheka mpaka akakohoa. Nilikuwa bado nacheka naye nilipohisi tone linanishuka mpaka kwenye paja.

Matiti yalikuwa yamekuwa magumu. Nikatazama saa. Saa tisa. Mtoto alikuwa amelala tangu saa nne kasoro.

Nilimtekenya nyayo. Nilimpangusa uso. Nilimvua nguo zote, nikamsimamisha, nikampuliza usoni, nikaliminya ziwa mdomoni mwake na maziwa yakamwagika shavuni yakaingia sikioni. Alivuta mara mbili. Nepi niliyomvua ilikuwa nzito mkononi, imejaa yale maji yanayokwenda zao. Mume wangu alikuja kukaa pembeni akamshika mkono, tukamwita kwa majina yote tuliyokuwa nayo. Jua lilikuwa limezama alipoanza kunyonya vizuri, na hata hapo alinyonya upande mmoja tu.

Jumatatu tulikwenda wote watatu. Nilikuwa nimemwekea nesi daftari langu pamoja na kadi. Alimpima mtoto, akaandika, kisha akafungua daftari akazifuata safu kwa ncha ya kalamu.

"Elfu mbili mia tisa sitini na nane. Thelathini na mbili pungufu." Kalamu iliendelea kushuka. "Lakini hapa alikuwa anapanda vizuri sana. Jumamosi kapanda. Jumapili asubuhi kapanda. Halafu hapa ni nini?"

"Alipewa maji ya glukosi," nilisema.

"Na nani?"

"Wifi yangu." Nilikuwa nimelisubiri swali hilo, na jibu lilitoka haraka.

"Umejua lini kwamba anampa?"

Kalamu yake ikapanda juu ya ukurasa, ikasimama mahali nilipokuwa nimeandika, kwa mwandiko wangu, *chupa, soksi, glukosi*, na siku yake.

"Ijumaa," nilisema.

Mume wangu alikuwa nyuma ya kiti changu. Mimi nilikuwa nimemwambia kwamba niligundua. Sikuwa nimemwambia siku. Nilisikia anavuta pumzi na kuibana.

"Na Jumapili," nesi akauliza, "nani alimkabidhi mtoto akaogeshwe?"

"Mimi."

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza, ningekuwa na mtu wa kujibizana naye. Alifunga daftari, akaandika mstari mmoja kwenye kadi, akapiga muhuri.

"Mvue nguo," alisema. "Tunampeleka wodini."

Nikamvua. Mume wangu alichukua begi akatangulia kutoka, hakunisubiri. Mtoto alikuwa macho, macho kabisa, anageuza kichwa huku na huku akitafuta ziwa, nikaanza kufungua vifungo, na nesi akanishika mkono akaniambia ningoje kwanza, wamtoe damu.